Lalamiko la Mke na Lalamiko la Mume: Namna ya Kulisema na Kulisikia

Lalamiko lililokamilika lina mambo matatu ndani yake: kilichoudhi, anayehusika, na kinachotakiwa kifanyike. Mazungumzo mengi huharibika kwa sababu mojawapo limebaki moyoni. Katika nyumba nyingi za Dodoma na nyanda za kati, mke hutaja kilichoudhi na kumwacha mhusika ajitambue mwenyewe. Mume huonyesha kwamba ameudhika, kwa kufoka au kwa kununa, bila kusema kilichomuudhi. Ombi lenyewe, ambalo ndilo lingemaliza shauri, hukosekana pande zote mbili.

Mfano wa kawaida ni wa maji. Mitaa mingi ya jiji la Dodoma hupata maji kwa mgawo, na pipa lisipojazwa siku ya zamu, siku zinazofuata ni za kununua madumu. Mume amerudi jioni. Mke anamwambia, "Baba Neema, leo maji yametoka." Mume anajibu, "Afadhali," kisha anawasha redio. Kwake ni habari, na ameshaipokea. Kwa mke, ndani ya maneno yale mlikuwa na mengine aliyoyameza: wiki iliyopita alibeba ndoo peke yake, mgongo unamuuma, na anataka msaada. Baada ya muda masufuria yanaanza kugongana jikoni. Mume anauliza, "Kuna nini?" Anajibiwa, "Hamna kitu." Kufika saa tatu usiku ugomvi umeshawaka, na kinachogombewa si maji tena, ni dharau. Mke ana hakika kwamba alisema. Mume naye ana hakika kwamba hakuambiwa.

Si suala la maumbile

Husemwa vijiweni kwamba wanawake wameumbwa kulalamika na wanaume wameumbwa kuvumilia. Ushahidi haukubaliani na hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Science, ambao uliwapa wanafunzi wa vyuo vikuu wa Marekani na Mexico vinasa sauti vidogo vya kutembea navyo, ulikuta kuwa wanawake na wanaume walizungumza karibu sawa, maneno yapatayo 16,000 kwa siku.

Namna ya kulalamika nayo hubadilika kutoka jamii hadi jamii. Mwanaisimu Elinor Keenan, aliyejulikana baadaye kama Elinor Ochs, alieleza mwaka 1974 maisha ya kijiji kimoja cha nyanda za juu za Madagascar ambako wanaume ndio waliozunguka kwa mafumbo na kuogopa kumkosoa mtu uso kwa uso. Wanawake walisema waziwazi. Palipohitajika mtu wa kumkabili aliyekosea, au wa kuvutana juu ya bei sokoni, kazi hiyo waliachiwa wao.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, kwa Wabarabaig wafugaji wa Hanang, kaskazini mwa Kondoa na Singida. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeandika juu yao katika miaka ya 1960, alieleza baraza la wanawake lililokuwa na uwezo wa kumshtaki mwanamume aliyevunja hadhi ya wanawake, hasa katika mambo ya uzazi, kusikiliza shauri lake na kumtoza faini ya ng'ombe. Hapo lalamiko la mwanamke mmoja lilikuwa shauri la wanawake wote, na wanaume walilazimika kulisikia.

Kinacholeta tofauti, basi, ni gharama. Kila mtu hulalamika kwa njia ambayo haitamgharimu sana, na jamii imewawekea wanawake na wanaume gharama zisizolingana. Anayetaka kuelewa kwa nini mwenzake analalamika vile anavyolalamika aanze kwa kuuliza: angelisema waziwazi, angepatwa na nini?

Njia wanazopita wanawake

Kwa Wagogo, kama kwa majirani zao wengi, mahari ya ng'ombe hufunga koo mbili. Lalamiko la mke juu ya mumewe linagusa waliotoa mifugo na walioipokea, na jibu la kwanza analopewa ni kuvumilia. Akisema kwa ukali ataambiwa hana adabu, na lawama itamfika mama yake kwamba hakumfunda. Ndiyo maana wanawake wengi hulipitisha lalamiko pembeni: kwa shangazi, kwa jirani, kwa wenzao wa kikoba, kwa kikundi cha akina mama cha kanisani au cha msikitini.

Ngoma nayo ni njia. Wanawake wa Kigogo wanafahamika kwa ngoma ya muheme, ambayo huipiga wenyewe huku wakiimba. Neno ambalo mtu mmoja angeona haya kumwambia mkubwa likiimbwa na kundi zima halina mwenyewe wa kulaumiwa. Kwa watu wa pwani kanga imefanya kazi kama hiyo: maandishi yake husema, na aliyeivaa anabaki na nafasi ya kukana kwamba alimlenga mtu.

Kumlalamikia mtu mbele ya asiyehusika si lazima kuwe umbea. Diana Boxer, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu mazungumzo ya Wamarekani, alionyesha kwamba malalamiko ya aina hiyo mara nyingi hujenga ukaribu, kwa kuwa msikilizaji hujibu kwa kutoa ya kwake. Wanawake aliowachunguza walielekea zaidi kupeana pole. Wanaume walielekea zaidi kutoa ushauri au kubisha. Mwanamke anayemweleza mwenzake kwenye foleni ya maji habari za wifi yake huenda ameshapata alichokitaka pale alipoambiwa, "Pole mwaya, hata mimi yamenikuta."

Hasara za njia hii ni mbili. Kwanza, maneno yakizunguka humfikia mhusika yakiwa yameongezwa chumvi, naye huudhika zaidi kwa kusemwa kuliko kwa lile aliloshtakiwa. Pili, aliyepozwa na pole za majirani anaweza kukaa na tatizo lile lile miaka mingi.

Njia wanazopita wanaume

Mwanamume hulalamika sana, lakini huchagua mambo. Kijiweni atalalamikia bei ya mafuta, waamuzi wa mpira, mvua zilizochelewa na wanunuzi wa zabibu. Jambo lililomuumiza nyumbani hatalitaja, kwa sababu anayesema ameumizwa na mkewe huchekwa. Uchungu huo hutokea kwa mlango mwingine: anachelewa kurudi, anasusia chakula, anafoka kwamba mboga ina chumvi wakati ina chumvi ile ile ya jana. Mke anayehangaika na chumvi hapo hatalipata lalamiko lenyewe, ambalo pengine ni kwamba fedha za mbolea zilitumika bila yeye kuambiwa.

Tofauti nyingine ni ya wasikilizaji. Baba akisema kwa sauti kali kwamba nyumba ni chafu, husemwa ameonya. Mama akisema maneno hayo hayo kwa sauti hiyo hiyo, husemwa ana kelele. Yeyote anayetaka kujua nani analalamika zaidi nyumbani au kazini aangalie kwanza kama hajahesabu maonyo ya mmoja nje ya malalamiko.

Kuna njia inayowafaa wote, nayo ni utani. Kwa makabila ya kati, mjukuu na bibi, binamu na binamu, au mtu na shemeji yake wanaweza kuambiana ukweli ambao wengine hawathubutu, na aliyetaniwa akikasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Utani unafaa kwa mambo mepesi, kama ubahili au uvivu. Kwa jeraha la kweli haufai, na utani wa kumchoma mwenzi mbele ya wageni huongeza lalamiko jipya juu ya la zamani.

Anayelalamika afanye nini

Kwanza achague wakati. Mtu aliyefika sasa hivi kutoka shambani au safarini, mwenye njaa, hasikii. Baada ya kula, watoto wakiwa wamelala na wakwe wakiwa hawapo, maneno yale yale hupokelewa vingine.

Pili ataje kitendo, aache tabia. "Siku tatu umerudi usiku bila kunitaarifu" ni jambo linalojibika. "Wewe hujali watu" ni hukumu, na mtu aliyehukumiwa hujitetea. Maneno kama "kila siku" na "hata siku moja" yaepukwe, kwa kuwa mshtakiwa ataitafuta siku moja tu aliyofanya vizuri na mjadala utahamia huko.

Tatu, jambo moja kwa wakati mmoja. Lalamiko la maji likichanganywa na la mama mkwe na la harusi ya mwaka juzi, hakuna litakalotatuliwa.

Nne amalizie kwa ombi. Katika mfano wa maji, mke angesema: "Baba Neema, maji yametoka na mgongo unaniuma. Naomba ujaze pipa, mimi nijaze madumu ya jikoni." Heshima imebaki, na hakuna cha kubahatisha. Anayezoea kudokeza anaweza kuona kwamba kuomba wazi ni kujishusha au ni ukali. Akijaribu mara chache kwa mambo madogo ataona kwamba mwenzake mara nyingi hakuwa amekataa, alikuwa hajaelewa.

Kwa mume, hatua ngumu ni kulitaja jambo lenyewe. Badala ya kugombana na chumvi aseme: "Mama Neema, nimeudhika. Fedha za mbolea zilitoka bila mimi kujua. Safari nyingine tushauriane kwanza." Neno "nimeudhika" halimpunguzii mtu uanaume. Linampunguzia mkewe kazi ya kubuni kosa lake ni lipi.

Anayesikiliza afanye nini

Kosa linalowapata wanaume wengi ni kukimbilia ufumbuzi. Mke anaanza kueleza jinsi alivyojibiwa vibaya na mkubwa wake wa kazi, na kabla hajamaliza anaambiwa, "Acha kazi basi." Alitaka pole kwanza, ushauri baadaye. Swali moja huokoa mengi: "Unataka tulifanyie kazi, au ulitaka nilijue tu?" Jibu lolote kati ya hayo mawili ni halali.

Kosa linalowapata wanawake wengi ni kumwandama aliyenyamaza. Maswali kumi mfululizo kwa mtu aliyenuna humfanya ajifungie zaidi. Inafaa kutaja kinachoonekana na kumwachia nafasi: "Naona tangu juzi huli vizuri. Kama kuna nililokukosea, niambie ukiwa tayari." Wanaume wengi huona wepesi kusema wakiwa wanafanya jambo pamoja na mwenzao, kama kutembea kwenda shambani au kupukuchua mahindi, kuliko wakiwekwa uso kwa uso kama mahakamani.

Kwa wote wawili, lalamiko lisijibiwe kwa lalamiko. Aliyeambiwa amechelewa akajibu, "Na wewe je, juzi?" ameanzisha shauri la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Lake aliweke, atalileta siku nyingine. Vilevile sauti ya mlalamikaji isichukuliwe kuwa ndiyo hoja. Anayelia anaweza kuwa na haki, na anayezungumza kwa upole anaweza kuwa na kosa.

Ndoa za mbali

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watumishi wengi wameishi wakiwa na familia upande mmoja na kazi upande mwingine. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imefupisha safari kutoka Dar es Salaam, lakini malalamiko mengi bado hupita kwenye simu. Ujumbe wa maandishi hauna sauti wala uso: "Sawa" ya mtu mwenye haraka husomeka kama "Sawa" ya mtu aliyekasirika. Kuweka fumbo kwenye stetasi ya WhatsApp ni kubaya zaidi, kwa kuwa ndugu na wafanyakazi wenza wote watalisoma, na mhusika atajitetea mbele yao badala ya kumjibu mwenzi wake.

Simu itumike kutoa taarifa: "Ukija Jumamosi nina jambo la ada tuzungumze." Mwenzake atakuja amejiandaa. Shauri lenyewe lianze Jumamosi, lisingojee Jumapili mtu akiwa ameshika begi mlangoni.

Ukweni na kwa mshenga

Heshima kati ya mkwe na mama mkwe, ambayo kwa jamii nyingi za kati ni kali, haimruhusu mume kumlalamikia mama mkwe uso kwa uso juu ya binti yake. Mke naye hawezi kumwambia baba mkwe kila kitu. Mshenga yupo kwa ajili hiyo. Mshenga mzuri husikiliza pande zote mbili, kila mmoja akiwa peke yake, hupeleka jambo na kuyaacha matusi, na haongezi la kwake.

Mambo madogo yasipelekwe kwa wazazi. Wanandoa hupatana usiku uleule, ilhali mama aliyesikia mwanawe ametukanwa hukaa na jambo hilo moyoni kwa miaka. Yanayofaa kupelekwa ni yale ambayo wawili wameshayazungumza wazi na kushindwa: kutelekeza familia, ulevi uliokomba akiba, mali kuuzwa kwa siri.

Kazini

Katika ofisi za Mji wa Serikali Mtumba, sokoni na viwandani, tofauti za nyumbani huingia na wafanyakazi. Mwanamke aliyenyimwa haki yake mara nyingi huwaeleza wenzake wa karibu kwa miezi; mwanamume hukaa kimya, kisha siku moja hugombana na msimamizi na kuharibu shauri lililokuwa zuri. Wote wawili wamechelewa kulifikisha jambo kwa mtu mwenye uwezo wa kulitatua.

Kuchelewa kuna gharama ya kisheria. Mfanyakazi wa sekta binafsi anayedai kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa afikishe shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Nje ya muda huo itambidi kwanza aeleze kwa nini amechelewa. Njia salama ni kuandika mapema barua fupi yenye tarehe, tukio, walioshuhudia na ombi, na kubaki na nakala. Msimamizi naye akiwataka watu wote wajaze mambo hayo hayo, ataacha kupima malalamiko kwa ukali wa sauti au kwa machozi.

Kwenye mkutano wa kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Hata hivyo, mara nyingi wanaume hukaa mbele kwenye mabenchi na wanawake hukaa pembeni chini, juu ya kanga zao. Malalamiko ya wanawake husikika baada ya mkutano kufungwa, njiani. Athari yake huonekana ng'ombe wanapoingia shambani. Mama aliyelima mtama humwambia mumewe, mume huzungumza na mwenye ng'ombe kilabuni, jambo huisha kwa pombe na kupeana mikono, na aliyepoteza mavuno hapati kitu.

Sheria imetoa nafasi. Robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wanatakiwa wawe wanawake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Lakini kiti peke yake hakisemi. Inasaidia wanawake wakikutana kabla ya mkutano na kukubaliana nani ataleta jambo gani. Mwenyekiti naye anaweza kumwita aliyelima ajieleze mwenyewe, badala ya kupokea maelezo ya mumewe. Kwa mwanamume mwenye jambo la aibu, kama kupigwa na mkewe, inafaa asikilizwe faraghani, maana mbele ya kijiji kizima hatalisema kamwe.

Ushauri wa kuchagua maneno unapokoma

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanawahusu watu wasioogopana. Mtu anayepima kila neno kwa sababu ya kuogopa kipigo hana tatizo la namna ya kuzungumza, na kumfundisha kusema kwa upole ni kumbebesha kosa la mwingine. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mume au mke hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Lalamiko la namna hiyo lipelekwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambalo huwasikiliza wanawake na wanaume, na aliyeumia apatiwe fomu ya PF3 ili hospitali iandike majeraha yake. Kwa mtoto, simu ya bure ni 116.

Kwa ndoa iliyokwama bila kipigo, ngazi inayofuata baada ya mshenga na wazee ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la taasisi ya dini. Chini ya kifungu cha 101 cha sheria hiyo, isipokuwa katika mazingira maalumu, mahakama haipokei ombi la talaka kabla ya baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Mbele ya baraza kila upande huulizwa mambo yale yale matatu: kimetokea nini, nani anahusika, na unataka kifanyike nini. Aliyekwisha kuyapanga nyumbani kwake hujieleza kwa muda mfupi, na wajumbe hupata cha kusuluhisha.